Tazama Mgongo Kabla ya Uso

Wahenga wetu walisema kwamba uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Mkakasi, kwa faida ya vijana ambao huenda hawajauona, ni kijaluba kilichopambwa kwa rangi na nakshi hata kikavutia macho ya kila apitaye. Lakini ukikifunua hukuti ndani yake ila mti mtupu. Aliyeitunga methali hiyo hakuifikiria Florence wala Venice. Hata hivyo, kama iko biashara moja duniani ambayo yafaa methali hiyo iandikwe juu ya mlango wake, basi ni biashara ya samani za kale za Kiitaliano.

Huenda msomaji akauliza: yatuhusu nini sisi makabati ya Waitalia? Yatuhusu kwa sababu wamo miongoni mwetu wanaosafiri, wenye jamaa Ulaya, na wenye hoteli na majumba ambao siku moja watasimama mbele ya kabati zuri la jozi, mfukoni wana akiba ya miaka, na masikioni wana maneno matamu ya muuzaji. Yatuhusu pia kwa sababu anayejifunza kukipima kitu cha kale cha wenzake hujifunza papo hapo kukithamini cha kwake. Basi leo tunapenda kueleza, kwa kadiri ya nafasi ya safu hii, mnunuzi huyo atazame nini, aulize nini, na adai nini kabla ya kutoa fedha yake.

Jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba neno lenyewe, "samani za Kiitaliano", ni pana mno kuwa na maana. Dola ya Italia tuijuayo iliundwa mwaka 1861. Kabla ya hapo palikuwa na miji na falme, kila moja na watawala wake, maseremala wake, mbao zake na mitindo yake. Kitu kilichotengenezwa Turin chini ya wafalme wa Savoia hakifanani na kilichotengenezwa Naples, na cha Venice hakifanani na cha Genoa. Kwa hiyo muuzaji anayesema tu kwamba kitu chake ni "cha Kiitaliano, cha zamani", ama hajui auzacho, ama anajua na hataki kusema. Swali la kwanza la mnunuzi liwe hili: cha mji gani, na cha karne ipi?

Tuchukue mifano. Katika Florence ya karne ya 15 ilikuwa desturi ndoa ya watu wenye uwezo kuambatana na makasha makubwa, aghalabu mawili, ambayo Waitalia huyaita cassoni. Humo zilitiwa nguo na mali za bibi harusi, na mbele yake zilichorwa picha za visa vya kale. Apollonio di Giovanni na mwenzake Marco del Buono walikuwa na karakana mashuhuri ya kazi hiyo mjini humo. Msomaji wa mwambao hatashangaa hata kidogo, kwani nasi tunalijua kasha la harusi, lenye misumari ya shaba na vijaluba vya siri ndani yake.

Karne tatu baadaye, katika mji mdogo wa Parabiago karibu na Milan, aliishi seremala Giuseppe Maggiolini, aliyezaliwa mwaka 1738 na kufariki mwaka 1814. Huyu alikata vipande vyembamba vya mbao za aina nyingi mno, akavipanga juu ya kabati kama mchoraji anavyopanga rangi, hata yakatokea maua, vyombo vya muziki na mandhari za magofu. Alimfanyia kazi Ferdinand, mwana wa nasaba ya Austria aliyetawala Lombardia, na baadhi ya michoro yake ilitoka mikononi mwa wasanii wakubwa kama Andrea Appiani. Umaarufu wake ulizidi hata jina lake likawa jina la mtindo mzima. Leo kabati lolote la Lombardia lenye njumu za namna ile huitwa "Maggiolini", ilhali yeye mwenyewe alitia sahihi kazi chache tu. Hapo ndipo mtego ulipo: jina la mtu limegeuka jina la aina, na bei ya mtu inadaiwa kwa kitu cha aina.

Venice nayo ina kisa chake. Katika karne ya 18 watu wa Ulaya walipenda sana vyombo vilivyopakwa laka kutoka Uchina na Japani, lakini bei yake ilikuwa kubwa. Mafundi wa Venice wakabuni njia ya mkato. Walikata picha zilizochapwa karatasini, nyingi zikitoka kiwanda cha jamaa ya Remondini mjini Bassano, wakazitia rangi, wakazibandika juu ya samani, kisha wakazifunika kwa vanishi tabaka juu ya tabaka. Kazi hiyo iliitwa lacca povera, yaani laka ya kimaskini. Leo, baada ya miaka zaidi ya mia mbili, vitu hivyo vya kimaskini vinatafutwa kwa fedha nyingi. Kuiga, basi, si dhambi. Mafundi wale hawakumdanganya mtu. Walisema waziwazi walichokuwa wakikifanya, na mnunuzi alijua alichokuwa akikinunua. Dhambi huanza pale kilichoigwa kinapouzwa kwa jina la kilichoigiziwa.

Na dhambi hiyo ilikuja, ikaja kwa wingi, katika karne ya 19. Wakati huo matajiri wa Uingereza, Ujerumani, Ufaransa na baadaye Marekani walikuwa wakimiminika Italia kutafuta vitu vya zama za Mwamko wa sanaa. Vitu vya kweli havikutosha. Makasha mengi ya harusi yalivunjwa ili ubao wa mbele uuzwe peke yake kama picha ya ukutani. Mengine yaliundwa upya kwa kuunganisha ubao wa huku na miguu ya kule. Hata viti vya kukunja vyenye miguu ya kupishana vilipewa majina ya Dante na Savonarola, majina ambayo yalibuniwa karne hiyo hiyo ya 19. Dante alifariki mwaka 1321 na Savonarola mwaka 1498. Wala mmoja wao hakupata kusikia kwamba liko jina lake katika kiti. Viti vingi vya namna hiyo vinavyoonekana sokoni ni kazi za karne ya 19 na ya 20.

Mwaka 1904 mfanyabiashara Elia Volpi alinunua jumba la kale la Davanzati mjini Florence, akalitengeneza, akalijaza samani, na mwaka 1910 akalifungua kwa umma kama mfano wa nyumba ya Kiflorentina ya zamani. Mwaka 1916 vitu vyake vilipigwa mnada New York, na Wamarekani wakashikwa na hamu kubwa ya kuwa na vyumba vya namna hiyo. Pale hamu inapozidi mali iliyopo, msomaji hahitaji kuambiwa nini hufuata: karakana huitikia. Jumba lenyewe lilinunuliwa na serikali ya Italia mwaka 1951, na tangu mwaka 1956 ni makumbusho. Aendaye Florence na alitazame, maana jicho lililozoea kuona hudanganyika kwa shida.

Sasa tumchukue mnunuzi wetu. Tuseme amefika Arezzo, mji wa Toscana ambako tangu mwaka 1968, kwa juhudi ya mpenzi wa vitu vya kale aitwaye Ivan Bruschi, hufanyika gulio la vitu vya kale kila Jumapili ya kwanza ya mwezi na Jumamosi iitanguliayo. Mbele yake liko kabati fupi la droo tatu, ambalo Waitalia huliita cassettone. Uso wake ni wa mti wa jozi, unang'aa kama asali. Muuzaji anasema ni la karne ya 18. Afanye nini?

Kwanza, asilitazame uso. Uso ndio uliotengenezwa ili utazamwe. Aombe ruhusa, achomoe droo, aipindue. Aangalie pembe zake, pale mbao mbili zinaposhikana kwa meno yaliyopishana kama vidole, mapana nchani na membamba shinani. Seremala aliyekata kwa mkono hakuweza kuyafanya meno yote sawasawa, na wala hakujali, kwa kuwa hayaonekani. Meno yaliyolingana yote kama ya kitana ni ya mashine. Kisha aangalie chini ya droo, pale inapoteleza. Droo iliyofunguliwa na kufungwa kwa miaka mia mbili huliwa na msuguano, na ulaji huo huacha alama inayolingana katika droo na katika kabati. Ikiwa droo imelika lakini njia yake ni nzima, au njia imelika na droo ni nzima, vitu viwili hivyo hawakuzeeka pamoja.

Pili, atazame mgongo na ubao wa chini. Msumeno wa mkono huacha mikwaruzo iliyonyooka, isiyolingana. Msumeno wa duara, ambao ulienea katika karne ya 19, huacha mikwaruzo iliyopinda kama sehemu ya duara. Msumari wa kufuliwa na mhunzi una pembe nne na kichwa kisicho sawa. Msumari mviringo wa waya ni wa karne ya 19 mwishoni au baada yake. Msumari mmoja mpya hauharibu ushahidi, kwani huenda uligongwa na fundi wa matengenezo. Misumari yote ikiwa mipya, hilo ni jambo lingine.

Tatu, atazame matundu ya wadudu wanaotoboa mbao. Watu wengi hudhani kwamba matundu ni hati ya ukale, na wako mafundi wanaoyatoboa kwa makusudi ili kuwaridhisha. Lakini mdudu ana tabia ambayo mdanganyifu huisahau. Huchimba njia zake ndani ya mti, na akiisha kukua hutoka nje kwa tundu dogo la duara. Kwa hiyo juu ya ubao usioguswa tutaona matundu tu. Tukiona njia ndefu zilizo wazi, kama mifereji iliyochorwa juu ya ubao, tujue kwamba ubao huo ulipasuliwa baada ya mdudu kufanya kazi yake. Ni mbao ya kale, naam, lakini imekatwa upya ili kutengeneza kitu kipya.

Nne, atazame matundu ya vishikio. Vishikio vya shaba hubadilishwa mara kwa mara kwa kufuata mitindo, na si kosa. Lakini matundu ya zamani hubaki ndani ya droo hata yakizibwa nje. Ikiwa nje ya ubao hakuna alama ya kuzibwa ilhali ndani kuna matundu mengi, basi gamba la jozi lililo usoni limebandikwa baadaye. Gamba lenyewe nalo husema: lililokatwa kwa msumeno wa mkono huwa nene na halilingani, la mashine ni jembamba kama karatasi nzito.

Tano, kama ni meza ya duara, achukue utepe wa kupimia. Mbao husinyaa kwa upana wake, si kwa urefu wake. Meza iliyokatwa duara kamili miaka mia mbili iliyopita haiwezi kubaki duara kamili. Itakuwa imepungua kidogo upande mmoja. Utepe haujui Kiitaliano wala hausikii bembelezo.

Hatusemi haya ili kumtia mnunuzi shaka na kila kitu. Kitu kilichotumika miaka mia mbili bila kutengenezwa ni nadra kama mzee asiye na mvi. Mguu uliobadilishwa, ubao uliotiwa kiraka, kitasa kipya: hayo ni maisha ya chombo, na mwuzaji mwaminifu huyataja kabla hajaulizwa. Tunalosema ni kwamba matengenezo yaliyotajwa hupunguza bei, na yaliyofichwa hupunguza heshima. Na nakala nzuri ya karne ya 19, iliyonunuliwa kwa jina lake na kwa bei yake, humpa mwenye nyumba raha ile ile na usingizi bora zaidi.

Baada ya macho, yaja masikio. Wafanyabiashara wa Italia wana maneno mawili ambayo mnunuzi hana budi kuyatenganisha kama chumvi na sukari. Wakisema d'epoca wana maana kwamba kitu ni cha wakati ule hasa. Wakisema in stile wana maana kwamba kimefuata mtindo wa wakati ule, hata kama kilitengenezwa juzi. Kadhalika mtindo wa mwisho wa karne ya 18 huitwa "Luigi XVI", jina la mfalme wa Ufaransa, ingawa kitu chenyewe hakikuvuka milima ya Alps. Jina la mfalme peke yake halisemi kitu kilitengenezwa lini.

Baada ya masikio, yaja maandishi, na hapa ndipo tunapotaka msomaji atie alama. Sheria ya Italia ya mwaka 2004 juu ya mali za utamaduni, katika kifungu chake cha 64, inamtaka mfanyabiashara wa vitu vya kale ampe mnunuzi hati inayoeleza uhalisi wa kitu, au angalau asili yake kwa kadiri inavyokisiwa, na kilikotoka. Na kama hati hizo hazipo, aandike yeye mwenyewe tamko lenye maelezo yote aliyonayo na kulitia sahihi. Hiyo si hisani ya muuzaji. Ni wajibu wake. Anayeapa kwa mdomo kwamba kabati ni la Maggiolini, lakini kalamu ikaletwa akaandika "kwa mtindo wa", amekwisha kujibu swali.

Liko pia suala la kukitoa kitu nchini humo. Wengi wamedhani kwamba wakiisha lipa wamemaliza. Mageuzi ya sheria ya mwaka 2017 yaliweka kwamba kitu chenye umri wa zaidi ya miaka 70, ambacho aliyekitengeneza hayuko hai na thamani yake inazidi euro 13,500, hakitoki Italia mpaka ofisi ya serikali ikikague na kutoa cheti. Kilicho chini ya thamani hiyo hutolewa kwa tamko la mwenyewe. Ofisi yaweza kukataa, ikiona kwamba kitu ni sehemu ya urithi wa taifa. Mnunuzi aliyelipa yote kabla ya cheti anaweza kujikuta na kabati lake halali, zuri, la kweli, lisiloweza kuvuka mpaka. Heri alipe arubuni, na mkataba useme wazi kwamba fedha iliyobaki italipwa cheti kikipatikana.

Tena aulize kama kitu hakikuibiwa. Makanisa mengi ya Italia yamepoteza viti, makabati na mbao za nakshi. Mwaka 1969 nchi hiyo iliunda kikosi maalumu cha Carabinieri cha kulinda mali za utamaduni, na tangu mwaka 1980 kikosi hicho kina kumbukumbu za vitu vilivyoibiwa, ambazo sehemu yake hufunguliwa kwa umma. Saa moja ya kupekua kumbukumbu hizo ni nafuu kuliko siku moja mahakamani.

Mwisho, kuhusu njumu za pembe. Katika Turin ya karne ya 18, fundi Pietro Piffetti alipamba samani za wafalme kwa pembe za ndovu, ng'amba na magamba ya chaza, kazi ambayo mtu huitazama akasahau kupumua. Lakini sisi wa Afrika Mashariki hatuwezi kuitazama pembe kama watu wengine. Katika karne ya 19 Zanzibar ilikuwa soko kuu la pembe zilizopelekwa Ulaya, Marekani na India, na twajua zilibebwa na mabega ya nani. Mwaka 1989 Kenya iliteketeza tani 12 za pembe mbele ya macho ya dunia, na mwaka huo huo mataifa yakakubaliana kupiga marufuku biashara ya kimataifa ya pembe za ndovu wa Afrika. Samani ya kale yenye pembe au ng'amba haivuki mipaka bila vibali, na ziko nchi zisizoipokea kabisa. Asiyekuwa na vibali asinunue.

Je, mtu anunue ili apate faida? Tunamshauri asitegemee hilo. Tangu mwanzo wa karne hii bei za samani za kale za mbao nyeusi na za kahawia zimeshuka sana katika minada ya Ulaya na Marekani, kwa kuwa vijana wanakaa katika nyumba ndogo na wanapenda vitu vyepesi. Wakati huo huo meza ya mwaka 1949 ya Carlo Mollino wa Turin, ya mbao na kioo, iliuzwa mnadani mwaka 2005 kwa zaidi ya dola milioni 3.8. Mitindo ni upepo. Mwenye kununua kwa sababu anakipenda kitu na anakijua, bei ikishuka bado ana kitu chake. Aliyenunua bei, bei ikishuka hana kitu.

Twarudi kwenye kasha letu la harusi. Yako leo katika mwambao wetu makasha mapya yaliyopakwa moshi na kusuguliwa kwa mchanga, yakiuzwa kwa wageni kama ya mababu, na yako ya mababu yaliyotoka majumbani mwetu kwa bei ya jiko la mkaa. Waitalia walipitia hayo kabla yetu. Walipoteza vingi ndipo wakatunga sheria, wakaunda kikosi, wakamlazimisha muuzaji ashike kalamu. Nasi tunaweza kuanza na lililo jepesi: anayerithi kasha la bibi yake na aandike kwenye karatasi lilitoka kwa nani, mwaka gani, harusi ya nani, aitie karatasi hiyo ndani ya kijaluba cha siri. Mali bila daftari hupotea bila habari.